Vidonge Vilivyobaki Mjini

Mvua za kwanza zikinyesha, mtaa wa Mlabani pale Ifakara unaanza kufunga mizigo. Watu wanahamia shamba. Wanafunga magodoro, sufuria, majembe, kuku na mbegu ya mpunga. Wanapakia kwenye tela la pawatila, lile trekta dogo la kulimia, wanashuka bondeni, na hawarudi mpaka mpunga uvunwe. Huko kila familia ina ndungu yake. Ndungu ni kibanda cha miti na nyasi kilichoinuliwa juu, ili maji yakijaa watu wasilowe.

Evod na mkewe Justa walikuwa na shamba mbele ya Namawala. Lilikuwa shamba zuri, la udongo mweusi, na baba yake Evod ndiye aliyelifyeka akiwa kijana. Evod mwenyewe alikuwa ameshavuka miaka hamsini. Alikuwa mtu wa utani, na akicheka, watu wa shamba la tatu wanamsikia. Watoto wao walikuwa wameshaondoka nyumbani. Hata Omega, kitinda mimba, alikuwa ameolewa Sanje.

Vitu vya shamba huenda shamba, na vitu vya mjini hubaki mjini. Hiyo ndiyo desturi. Viti vya sebuleni, pasi, runinga na nguo za kanisani, vyote viliachwa kwa Philomena, dada yake mkubwa Evod, ambaye hakuhama. Na kila mwaka, pamoja na vitu hivyo, Evod aliacha pia vidonge vyake vya presha.

"Baba Omega, dawa zako ziko wapi?" Justa aliuliza siku ya kuhama, tela likiwa limeshajaa.

"Ziko kwa dada. Nimeziweka juu ya runinga."

"Sasa juu ya runinga zitakusaidia nini?"

"Mama Omega, presha ni ugonjwa wa mjini," Evod alisema, huku akikaza kamba. "Mjini kuna kelele, kuna bodaboda, kuna mikutano isiyokwisha. Shambani mtu analima, jasho linatoka, na chumvi yote inatoka na jasho. Hiyo presha itakaa wapi?"

Usimcheke haraka, msomaji. Bonde la Kilombero lina kina Evod wengi. Justa naye aliyaona maneno hayo yana ukweli. Ni kweli kwamba wakifika shamba mumewe huonekana mwepesi. Kichwa hakimuumi, analala vizuri, anakula vizuri. Lakini huko shambani hakuna aliyempima. Na presha haina tabia ya kupiga hodi. Inaweza kuwa juu kwa miaka, na mwenye nayo anaimba tu.

Basi wakaenda. Wakalima, wakapanda. Mpunga ukaota vizuri mpaka majirani wakausifu.

Wakati wa palizi, mambo yakabadilika. Evod alianza kusimama kila baada ya muda mfupi na kuegemea jembe.

"Jembe la mwaka huu zito," alisema.

"Jembe ni lile lile," Justa akamjibu. "Labda wewe ndiye umekuwa mvivu."

Wakacheka. Lakini siku zilivyokwenda, miguu yake ikaanza kujaa. Jirani yao wa shamba, Pantaleo, alikuja kuitazama.

"Hayo ni maji ya majaruba," Pantaleo alisema kwa uhakika. "Ukikanyaga maji kutwa nzima, yanapanda mwilini. Paka mafuta ya moto, kaka."

Pantaleo ni mtu mwema, ila ana dawa ya kila ugonjwa. Justa akapasha mafuta, akampaka mumewe. Alipobonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa. Hilo halikumpendeza. Tena aliona kwamba Evod hawezi kulala chali mchana wakipumzika. Akilala anakohoa, anatafuta pumzi, anaketi.

Asubuhi moja Pantaleo alipita kuwasalimia. Evod akaanza kumtania habari za ng'ombe wake aliyemtoroka hadi Mkula. Alifika katikati ya utani, pumzi ikamwishia. Akafungua mdomo, maneno hayakutoka. Pantaleo alikuwa ameshaanza kucheka, akanyamaza.

Justa akaogopa sana. Katika ndoa yao yote, hakuwahi kumwona mumewe akishindwa kumaliza utani. Akatupa jembe.

"Shemeji, tutafutie bodaboda," alimwambia Pantaleo. "Twende mjini sasa hivi. Mafuta basi."

Pantaleo alikimbia. Pikipiki ikaja, Evod akakaa katikati, Justa akamshika kwa nyuma asianguke.

Hospitalini alipimwa presha, nayo ilikuwa juu sana. Akawekewa hewa ya oksijeni. Akachomwa dawa ya kutoa maji mwilini, akawa anakwenda haja ndogo kila mara mpaka akalalamika. Baada ya siku chache miguu ikapungua, na akaweza kulala chali. Ndipo wakampeleka kwenye chumba cha kupiga picha ya moyo. Picha hiyo haina maumivu. Unalala kitandani, unapakwa mafuta kifuani, daktari anapitisha kifaa juu ya ngozi, na moyo unaonekana ukicheza kwenye skrini.

Daktari alikuwa Konsolata, binti wa watu wa Mahenge, mwenye umri wa kuwa mtoto wao.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," Evod akaitikia. "Samahani, daktari."

"Hata mwanangu ni sawa."

"Haya, moyo wangu mmeukuta?"

"Tumeukuta, baba. Uko kushoto, unafanya kazi. Ila umechoka. Mama, sogea nawe uone."

Justa akasogea. Akaona kwenye skrini kitu cha kijivu kikikunja na kukunjua. Machozi yakamlengalenga. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba ataona moyo wa mume wake.

"Huu ni ukuta wa moyo," daktari alisema, akionyesha kwa kidole. "Umekuwa mnene. Tena umekuwa mgumu."

"Mgumu!" Evod alisema. "Daktari, mimi sina moyo mgumu. Muulize huyu mwanamke."

"Nyamaza, usikie," Justa akamwambia.

Daktari Konsolata alicheka, kisha akaendelea. "Moyo una kazi mbili, baba. Unakunja ili kusukuma damu. Halafu unalegea ili ujae damu nyingine. Wako unakunja vizuri. Kulegea ndiko kunakoushinda. Usipolegea haujai vizuri, na damu inapanga foleni nyuma yake. Nyuma yake kuna mapafu. Maji yanachuja, yanaingia kwenye mapafu, ndiyo maana ulikosa pumzi. Mengine yanashuka miguuni."

"Kumbe siyo maji ya majaruba," Justa akasema.

"Siyo, mama. Maji ya jaruba yanabaki kwenye jaruba."

Evod akauliza, safari hii bila utani, "Na ugumu umetoka wapi?"

Daktari alimtazama mkono. Juu ya kidole gumba palikuwa na mstari mweupe, mrefu, unaong'aa.

"Hii nini, baba?"

"Mundu. Ulinikata tukivuna."

"Jaribu kuvuta ngozi ya hapo. Unaona? Haivutiki kama ngozi ya pembeni yake. Hilo ni kovu. Sasa, moyo wako nao una makovu. Siyo ya mundu. Ni ya presha."

"Kovu ndani ya moyo?" Justa akashangaa. "Nani alimkata?"

"Hakukatwa. Ngoja niwaeleze polepole, maana ukiujua ugonjwa huu unavyofanya kazi, hutausahau." Daktari akavuta kiti, akakaa. "Mwili wetu umejengwa na vitu vidogo sana vinavyoitwa seli. Hazionekani kwa macho. Ndani ya moyo kuna seli za misuli, zile zinazosukuma damu. Katikati yake kuna seli nyingine. Kitaalamu zinaitwa faibroblasti. Sisi hapa tuziite seli fundi. Kazi yake ni kutengeneza nyuzi za kushikilia moyo usiachane. Nyuzi hizo zinaitwa kolajeni. Mama, ukipika nyama ya ng'ombe mzee, kuna vile vinyuzi vyeupe visivyotafunika."

"Vinabaki kwenye meno," Justa alisema.

"Hivyo hivyo. Sehemu kubwa yake ni kolajeni. Kolajeni si adui. Ulipokatwa na mundu, seli fundi za ngozi ziliitwa, zikafuma nyuzi, zikaziba kidonda. Kidonda kilipofunga, wito ukanyamaza, mafundi wakaacha kazi. Kovu lile lilikuwa jema."

"Na ya moyo?"

"Mafundi wa moyo hawakuambiwa waache. Sikilizeni. Presha ikiwa juu, ukuta wa moyo unavutwa kwa nguvu kila pigo, usiku na mchana. Seli zikivutwa hivyo zinatoa kemikali za ujumbe. Kemikali moja kubwa inaitwa anjiotensini."

"Hilo jina kama la katekista," Evod alisema.

"Baba Omega!"

"Mwache, mama, ndivyo atakavyolikumbuka. Anjiotensini hiyo inakwenda mpaka kwenye seli fundi. Juu ya seli kuna sehemu zinazoitwa vipokezi. Fikirini kama viti. Anjiotensini ikikaa kwenye kiti chake, seli inapata habari kwamba kuna hatari, jengeni. Nayo inaamsha ujumbe mwingine wenye nguvu zaidi. Huo wataalamu wameupa herufi tu, TGF-beta."

"Huyo hata jina la ubatizo hana," Evod akasema, na safari hii hata Justa alicheka.

"Hana, lakini ndiye mkali. Akifika, seli fundi zinabadilika. Zinakuwa kubwa, zinapata nguvu ya kuvuta, zinatoa kolajeni nyingi kuliko mwanzo. Na kwa kuwa presha haishuki, ujumbe haukatiki. Kidonda hakipo, lakini mafundi wanafuma tu. Nyuzi zinajaa katikati ya misuli. Ukuta unakuwa mgumu."

Justa ni msusi wa mikeka, na mikeka yake inajulikana mtaani.

"Daktari," alisema, "ukili ukiubana mno, mkeka unasimama wenyewe. Haukunjiki. Ni mkeka, lakini hauna kazi."

"Mama, umenielewa kuliko wanafunzi wangu wengi. Moyo wake umeanza kubanwa hivyo. Picha hii hainionyeshi uzi mmoja mmoja. Inanionyesha unene wa ukuta na namna unavyochelewa kulegea. Kwa hayo, na kwa presha ya miaka, najua nyuzi zimezidi."

Evod alitazama skrini kwa muda mrefu. Halafu akauliza swali alilokuwa akiliogopa. "Zinaweza kutolewa?"

"Sitakudanganya, baba. Kovu lililokwisha kukomaa halifutiki lote. Pengine litalainika kidogo. Lakini tunaweza kuzuia lisiongezeke, na hapo ndipo maisha yako yalipo. Dawa za presha ziko za aina nyingi, na haifai watu kuazimana. Hii yako inafanya kazi mbili. Inashusha presha. Tena inakwenda kukaa kwenye vile viti vya anjiotensini. Ujumbe ukifika unakuta kiti kimekaliwa. Si unajua kanisani sikukuu ya Pasaka? Ukichelewa, unasimama nje."

"Namjua anayechelewa," Justa alisema, akimtazama mumewe.

"Basi anjiotensini inasimama nje. Fundi hapati wito, hafumi. Lakini dawa haikai humo milele. Baada ya siku moja hivi mwili umeshaitoa. Usipomeza nyingine, kiti kinabaki wazi, ujumbe unaingia, kazi inaanza tena. Baba, uliacha dawa lini?"

Evod alimtazama mkewe. Justa hakumsaidia.

"Huwa naziacha mjini," Evod alisema kwa sauti ndogo. "Tukihamia shamba."

"Msimu mzima?"

"Kila msimu. Kwa sababu shambani najisikia vizuri."

"Unajisikia vizuri, baba, kwa sababu nyuzi hizi haziumi. Hazina kelele. Zinafumwa wewe ukilima, ukiimba, ukicheka. Kichwa kutouma siyo kipimo. Na jasho halishushi presha namna hiyo. Kila msimu ulipoacha dawa, mafundi walipata kazi."

Hapo mlango ukafunguliwa, Philomena akaingia na chupa ya uji. Alisikia neno dawa, akajitetea kabla hajaulizwa.

"Mimi vidonge nilivitunza vizuri. Havijapotea. Labda viwili vitatu tu, nilimeza kichwa kiliponiuma."

"Mama mkubwa!" daktari alishtuka. "Ulimeza dawa za mwingine?"

"Wifi, hata wewe?" Justa akasema.

"Vilikuwa vimekaa tu juu ya runinga, jamani. Niliona vitaharibika bure."

Daktari Konsolata alishika kichwa, kisha akampeleka Philomena kupimwa palepale. Kwa bahati nzuri presha yake ilikuwa sawa. Aliambiwa aache mchezo huo, maana dawa ya mmoja inaweza kuwa sumu ya mwingine. Philomena alikubali, ila alinuna mpaka uji ukapoa.

Evod aliruhusiwa kurudi nyumbani, lakini shambani Justa alimkataza. Mpunga wa mwaka ule ulivunwa na Justa, Omega na mume wake, pamoja na Pantaleo. Evod alikaa Mlabani kwenye kiti chake cha sebuleni, akimeza dawa kila siku na kutazama barabara. Kila pawatila ilipopita na magunia, alisimama mpaka ipite.

Justa aliporudi alikuwa amekata shauri.

"Baba Omega, shamba tunalikodisha. Pantaleo ameshaniuliza. Analitaka msimu ujao."

Evod aligeuza macho barabarani. Baadaye akasema, "Lile shamba baba yangu alilifyeka kwa shoka."

"Najua."

"Nikikaa mjini nitakufa, Justa. Siyo kwa moyo. Kwa kukaa."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Omega alipozaliwa. Lakini Justa alikumbuka siku ile ya pikipiki, uzito wa mwili wa mumewe kifuani mwake, na hofu kwamba atafika hospitali amebeba maiti.

"Bora unune ukiwa hai," akajibu, akatoka nje.

Evod hakubishana. Alifanya jambo ambalo hakulizoea, alitii. Alikwenda kliniki kila alipoitwa. Alikubali samaki wa kukaushwa bila chumvi, wa ndimu na pilipili, ingawa wiki ya kwanza alisema ni kama kutafuna gome. Mgongo ulipomuuma, alikuwa amezoea kununua diklopa dukani. Daktari alimkataza, kwa kuwa dawa hizo za maumivu zinapandisha presha na kuumiza figo, hasa kwa mwenye moyo kama wake. Akawa anakandwa kwa maji ya moto. Kila asubuhi alitembea mpaka sokoni na kurudi, mwanzoni akisimama njiani, baadaye bila kusimama.

Mvua zilipokaribia, walikwenda kliniki pamoja. Presha ilikuwa nzuri. Damu ilipimwa, figo ziko salama. Picha ya moyo ikapigwa tena.

"Ukuta haujaongezeka unene," daktari alisema. "Na unalegea vizuri zaidi kidogo kuliko mara ile. Kazi mmeifanya nyinyi."

Evod alimtazama Justa. Justa ndiye aliyeuliza, maana hakuwa mtu wa kukataa jambo kabla hajasikia pande zote.

"Daktari, mtu kama huyu anaweza kwenda shamba?"

"Nani alimkataza?"

"Mimi."

"Mama, mimi nilikataza kuacha dawa. Sikukataza shamba. Kazi ya kiasi inamfaa. Asibebe mizigo mizito, asilime mpaka pumzi imwishie, na akichoka apumzike. Miguu ikianza kujaa, au akishindwa kulala chali, arudi hapa haraka, asisubiri mafuta ya kupaka."

"Na dawa zikiisha huko?"

"Ndilo swali watu wanalosahau. Mkija kliniki kabla ya kuhama, semeni mapema kwamba mnahamia shamba. Tutawapangia dawa za muda mrefu zaidi. Na zahanati iliyo karibu na shamba lenu, apite kupimwa presha, hata akijisikia kama kijana wa miaka ishirini."

Justa alifikiri njia nzima ya kurudi nyumbani. Walipofika mlangoni akasema, "Tutakwenda. Huu msimu mmoja, nione. Lakini dawa nitazishika mimi."

Evod aliingia ndani haraka, akajifanya anatafuta kofia. Philomena, ambaye alikuwa sebuleni, alisema baadaye kwamba alimwona mdogo wake akifuta macho kwa kofia hiyohiyo.

Walihama pamoja na wengine. Dawa zilikuwa za kwanza kupanda kwenye tela. Justa alizitia kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, akalining'iniza juu ndani ya ndungu, mahali pasipofika mvua wala panya. Akaweka sheria moja tu. Chai haimiminwi kabla ya kidonge. Na kwa kuwa Evod ni mtu asiyeweza kuianza siku bila chai, sheria ikafanya kazi bila ugomvi.

Kazi waliigawana upya. Kijana wa pawatila alilima. Evod alipanda, alipalilia kidogo kidogo, na mpunga ulipobeba alikaa kufukuza ndege. Kwa kazi hiyo alikuwa na sauti ya kutosha. Siku za gulio alipita zahanati kupimwa. Mara moja presha ilionekana imepanda kidogo, na Justa akauliza mpaka akajua. Pantaleo alikuwa amemkaribisha samaki wa chumvi, naye hakuweza kukataa.

"Shemeji, usinichinje," Pantaleo alijitetea. "Nilidhani kipande kimoja si kitu."

"Kilikuwa kipande kimoja?"

"Vilikuwa vinne."

Mpunga ulivunwa, ukapurwa, ukapepetwa. Yalikuwa mavuno mazuri. Siku ya kuujaza kwenye magunia, Omega na mumewe walikuja kubeba, kwa kuwa Evod hakuruhusiwa kunyanyua hata gunia tupu bila mkewe kumtazama. Miguu yake ilikuwa mikavu. Alikuwa akimtania mkwe wake tangu asubuhi, na kila utani aliumaliza.

Pantaleo akaja, akavua kofia, akasalimia wote. Alizunguka zunguka, akasifu mpunga, akasifu udongo. Mwishoni akasema alilokuja nalo.

"Shemeji, yale mazungumzo yetu ya mwaka jana. Ulisema huu ni msimu mmoja wa kujaribu. Mwakani mtanikodisha?"

Watu wakaacha kazi. Omega alimtazama mama yake. Evod alitazama chini, akawa anaokota punje moja moja zilizomwagika, kama vile swali halimhusu.

Justa alichota mpunga kwa ungo.

"Katafute kwingine, shemeji," alisema. "Hili lina wenyewe."

Pantaleo alicheka, akasema alijua, ila kuuliza si ujinga. Evod akafungua mdomo aongeze neno lake, kama kawaida yake. Safari hii pumzi ilikuwepo tele, ila neno ndilo lililokosekana. Akasogea karibu na mkewe, akashika mdomo wa gunia kwa mikono miwili, akaupanua ili Justa amimine.